Kuagana na "Njoo Kesho": Mwongozo wa Kuipata Raha na Uadilifu Ndani ya Kazi Yako

Mwaka 1929 kiwanda cha nguo cha Marienthal, kijiji kilicho karibu na Vienna nchini Austria, kilianza kufunga milango, na muda si mrefu karibu kijiji kizima kikakosa ajira. Watafiti Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel walikwenda huko na wenzao kuchunguza maisha ya watu waliobaki bila kazi. Mtu angedhani kwamba wanakijiji, wakiwa na mchana mzima wa kujifanyia watakalo, wangesoma zaidi. Maktaba ilionyesha kinyume: uazimaji wa vitabu ulishuka karibu nusu. Wanaume walikwenda polepole barabarani, wakisimamasimama bila sababu, na wengi waliacha kubeba saa. Wanawake, ambao bado walikuwa na kupika, kufua na watoto, walitembea haraka kuliko waume zao. Kitabu cha utafiti huo kilitoka mwaka 1933.

Jahoda alikuja kueleza baadaye kwamba mshahara ni faida moja tu ya kazi. Kazi humpangia mtu siku yake, humkutanisha na watu wasio wa nyumbani kwake, humpa lengo analoshirikiana na wengine, humpa nafasi mbele ya watu na humshughulisha kila siku. Ukiondoa kazi, vyote vitano vinaondoka pamoja na fedha.

Afrika Mashariki haijapungukiwa na kaulimbiu za kuwahimiza watu wafanye kazi. Nchini Tanzania chama cha TANU kilikuwa na "Uhuru na Kazi". Mwaka 2015 ikaja "Hapa Kazi Tu". Zote mbili zilizungumzia taifa litakavyofaidika. Mwongozo huu unamtazama mfanyakazi mwenyewe: fundi cherehani, mama lishe, mwalimu, karani, dereva wa bodaboda, mtu ambaye tayari ana kazi na hana uwezo wa kuiacha kesho asubuhi akatafute nyingine aipendayo zaidi. Kinachohitajika ni daftari, kalamu, bahasha chache na kama miezi mitatu ya subira.

Kwanza: kwa nini kazi nyingine huchosha roho

Mwaka 2008 Dan Ariely, Emir Kamenica na Dražen Prelec walichapisha jaribio lililofanywa kwa vinyago vya Lego. Watu walilipwa kuunganisha kinyago kimoja baada ya kingine, malipo yakipungua kidogo kila mara, na kila mtu alikuwa huru kuacha atakapo. Kwa kundi la kwanza, vinyago vilivyokamilika vilipangwa mezani. Kwa kundi la pili, mtu akiwa anaunganisha kinyago kipya, kile alichotoka kukimaliza kilibomolewa mbele ya macho yake ili apewe tena vipande vilevile. Malipo yalikuwa sawasawa. Kundi la kwanza lilitengeneza wastani wa vinyago 10.6 kabla ya kuchoka. La pili 7.2.

Hakuna aliyepunjwa hata senti. Kilichowavunja moyo wale wa kundi la pili ni kuona kazi yao haibakii. Karani anayejaza fomu asizojua zinakwenda wapi yumo katika kundi hilo, na mama wa nyumbani anayeosha vyombo vilevile mara tatu kwa siku yumo pia. Ndiyo maana hatua mbili za kwanza zinahusu kuifanya kazi ionekane imekwisha, na ionekane imemfikia mtu.

Hatua ya 1: Amua "imekwisha" maana yake nini

Wangari Maathai alipoanzisha Green Belt Movement nchini Kenya mwaka 1977, wanawake waliootesha na kupanda miti walipewa malipo madogo kwa kila mche uliopona. Kuchimba shimo hakukutosha, wala kufukia mizizi. Kazi ilihesabiwa imekwisha mti ukishika. Uamuzi huo mmoja uliibadili shughuli nzima, kwa sababu mpandaji alirudi kumwagilia, akazungushia miba dhidi ya mbuzi, akaujua kila mche wake.

Fanya hivi kwa kazi yako:

1. Andika sentensi moja tu: "Kazi yangu imekwisha pale ambapo…" Fundi cherehani aandike: "…mteja amevaa, amejitazama kwenye kioo na ameondoka nayo." Mwalimu aandike: "…mwanafunzi amefanya hesabu hiyo peke yake ubaoni."
2. Ikate kazi kubwa katika vipande vinavyoweza kukamilika ndani ya siku moja. Nyumba haimaliziki leo. Kozi tatu za tofali zinamalizika.
3. Kabla ya kufunga, ziache kazi zilizokwisha mahali utakapoziona asubuhi. Fundi azitundike. Karani azipige mstari kwenye orodha, asiifute.

Kwa kazi za nyumbani, ambazo hazina mwisho, chagua moja kwa siku yenye mwisho: kabati moja, dirisha moja, shati moja lililotoka vifungo. Vyombo vitarudi kuchafuka, lakini kifungo kitakaa.

Hatua ya 2: Mtafute anayetumia

Adam Grant na wenzake walifanya utafiti, uliochapishwa mwaka 2007, katika kituo cha simu cha chuo kikuu kimoja cha Marekani. Wafanyakazi wake walipiga simu kutwa wakiomba michango ya kusomesha wanafunzi. Baadhi yao walikutanishwa kwa dakika chache na mwanafunzi mmoja aliyesoma kwa fedha hizo, wakamuuliza maswali, kisha wakarudi kwenye simu zao. Mwezi mmoja baadaye muda waliokaa kwenye simu ulikuwa umeongezeka kwa asilimia 142 na fedha walizokusanya kwa asilimia 171. Hakuna mtu aliyewaongeza mshahara wala kuwatisha.

Huku kwetu mfano mzuri wa kazi inayomjua mtumiaji ni jiko la mkaa lenye udongo ndani, lililosambazwa na mafundi wa jua kali wa Nairobi miaka ya 1980. Lina kiuno chembamba na kitako kipana, lisiyumbe mtu anaposonga ugali. Umbo hilo halitoki kwa mtu asiyejua ugali unavyosongwa.

Basi mara moja kwa mwezi, fuata kazi yako hadi inakoishia. Fundi wa madirisha apite mtaani amuulize mwenye nyumba kama bawaba zinafunguka vizuri baada ya mvua. Mhasibu wa shule aende siku moja kwenye chumba cha chakula aone mchele alioulipia. Anayesafisha wodi amsalimie mgonjwa kwa jina. Amy Wrzesniewski na Jane Dutton, waliochapisha utafiti wao mwaka 2001, waliwakuta wasafishaji wa hospitali moja ya Marekani ambao kazi yao ilikuwa ileile ya deki na ndoo, lakini wengine wakiihesabu kuwa ni takataka tu na wengine wakijiona sehemu ya matibabu. Hao wa pili walizungumza na wagonjwa na jamaa zao na kuwasaidia wauguzi kwa mambo madogomadogo ambayo hayakuwa kwenye orodha ya kazi zao.

Hatua ya 3: Daftari la ahadi

Hapa ndipo raha na uadilifu vinapokutana, kwa hiyo hapa patachukua nafasi zaidi.

Hakuna msemo ulioichafua sifa ya mafundi wetu kama "njoo kesho". Wateja wanauhesabu kuwa uongo mtupu. Ukichungulia karakana kwa ndani, mara nyingi utakuta kwamba uongo huo umezaliwa na fedha. Chukua mfano wa fundi seremala wa Keko, Dar es Salaam. Jumatatu anapokea oda ya kitanda cha shilingi 600,000 na advansi ya 300,000. Mbao, gundi, msasa na vanishi vinataka 280,000. Lakini kuna kabati la mteja wa wiki iliyopita, ambaye advansi yake ilikwenda kwenye kodi ya fremu, na mteja huyo amesimama mlangoni amefura. Advansi ya kitanda inanunua mbao za kabati. Jumatano anakuja mtu wa meza. Advansi yake inanunua mbao za kitanda. Kila oda mpya inalipia oda ya zamani. Siku oda zikikauka, mnyororo unakatika na simu inazimwa.

Fundi huyo si mvivu. Pengine anaamka kabla ya wateja wake wote. Ila kila siku anasema uongo mdogo, na kwa kuusema kila siku anauzoea. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alishikilia kwamba mtu huwa mwadilifu kwa kutenda uadilifu, kama vile mjenzi anavyokuwa mjenzi kwa kujenga. Uongo nao hujengwa hivyohivyo. Mahubiri hayatamsaidia sana fundi wa Keko kama mpangilio wa fedha zake haujabadilika.

Utaratibu ni huu:

1. Fungua daftari lenye safu tano: mteja, kitu anachotaka, tarehe uliyoahidi, tarehe uliyomaliza kweli, na advansi.
2. Kila advansi iwe na bahasha yake yenye jina la mteja. Fedha ya bahasha hiyo inunue vifaa vya mteja huyo tu. Kodi, nauli na chakula vitoke kwenye salio la kazi zilizokwisha.
3. Nunua vifaa siku ileile uliyopokea advansi. Mbao zikishalala uani haziwezi kulipa kodi ya fremu.
4. Usitaje tarehe kwa matumaini. Fungua daftari uone kazi tatu za mwisho za aina hiyo zilichukua siku ngapi kweli, kisha mpe mteja ile iliyochelewa kuliko zote. Daniel Kahneman na Amos Tversky waliandika mwaka 1979 kuhusu tabia hii ya kukadiria muda kana kwamba hakuna kitakachoharibika. Mwaka 1994 Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross waliwauliza wanafunzi wa chuo kikuu watamaliza lini tasnifu zao: walikadiria wastani wa siku 34, zikawachukua zaidi ya 55. Hao hawakuwa na umeme wa kukatika.
5. Ukiona utachelewa, piga simu wewe, kabla ya tarehe kufika. Mteja aliyeambiwa mapema hughairi safari yake. Aliyeshtukia mlangoni hughairi urafiki.
6. Baki na oda unazozimudu. Ukishakuwa na kazi tano mkononi, wa sita mwambie ukweli kwamba foleni imejaa na utaje tarehe utakayoanza ya kwake. Wengi husubiri.

Na aliyekwisha kuzama kwenye mnyororo afanyeje? Aandike oda zote anazodaiwa. Aanze na ile inayohitaji fedha kidogo kuliko zote kuikamilisha, hata kama mwenye oda hiyo si mkali kuliko wote. Salio atakalolipwa akikabidhi ndilo linunue vifaa vya inayofuata, na hivyo hivyo hadi orodha iishe. Wakati huo asipokee advansi mpya hata moja. Achukue matengenezo madogo ya kulipwa papo hapo, kama kubadilisha kitasa au kupiga msumari kiti kilicholegea. Ni njia ndefu, na kuna wateja watakaotukana njiani. Lakini kila anayekabidhiwa ni uongo mmoja uliopungua.

Asiye fundi atumie daftari hilohilo. Mwalimu aandike lini aliahidi kurudisha madaftari yaliyosahihishwa. Afisa wa halmashauri aandike jina la kila mwananchi aliyemwambia "faili linashughulikiwa".

Hatua ya 4: Kipimo, na sehemu isiyoonekana

Kuna ujanja ambao mteja hawezi kuugundua, na huo ndio unaomla anayeufanya. Lumbesa ni mfano wa wazi: gunia linaloshonewa kilemba juu ili mkulima auze zaidi kwa bei ileile. Wakala wa Vipimo nchini Tanzania umepambana nayo kwa miaka mingi. Mafundi wana lumbesa zao za siri: zege la kipimo cha saruji moja, mchanga mbili na kokoto nne linageuka mchanga tatu na kokoto sita usiku mwenye nyumba akiwa hayupo, na mishono ya ndani ya suti inarukwa. Kwa Waislamu jambo hili lina uzito wake mahsusi, kwani sura ya 83 ya Kurani imepewa jina la wapunjao vipimo.

Fanya ukaguzi huu:

- Mwenye mizani: lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Pima chombo kitupu, kisha ukijaze lita moja, uone kama tofauti ni kilo. Ikipotoka, ipeleke ikakaguliwe na kupigwa mhuri.
- Kila wiki chagua sehemu moja ambayo mteja hataiona, kama mgongo wa kabati, upindo wa ndani au waya uliopita ukutani, uifanye kwa uangalifu uleule wa sehemu ya mbele.
- Ukiharibu kitambaa cha mtu, sema kabla hajauliza, na uwe na bei ya fidia tayari.

Faida ya fedha huja taratibu, na kwa wengine haiji. Faida ya haraka ni kwamba unaacha kukwepa watu barabarani.

Hatua ya 5: Ongeza ugumu kidogo kidogo

Mihaly Csikszentmihalyi, ambaye kitabu chake maarufu kilitoka mwaka 1990, aliwachunguza wachoraji, wapanda milima, madaktari wa upasuaji na wafanyakazi wa kawaida, akakuta furaha yao kubwa ikija wakati kazi inalingana na ujuzi au inaupita kidogo. Ikiwa rahisi mno, mtu anachoka. Ikiwa ngumu mno, anaogopa. Kwa fundi cherehani aliyeshona sketi za shule miaka kumi, dawa ni kola mpya mara moja kwa mwezi, kwa kitambaa chake mwenyewe, asije akafanyia majaribio kanzu ya harusi ya mtu.

Njia nyingine ni kufundisha. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora mwaka 1968 kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya vipande vya ubao mgumu, akauza picha zake Oysterbay, Dar es Salaam. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi za polisi waliomdhania mhalifu. Miaka minne tu. Lakini alikuwa amekwisha kuwafundisha vijana, wengi wao jamaa zake. Wao wakaendeleza mtindo ule, na mwaka 1990 ukaundwa ushirika wa wachoraji unaobeba jina lake. Kama una saidia fundi, usimwache miaka miwili akichanganya zege tu. Mpe ukuta wake.

Aliyejifunzia mtaani pia anaweza kupata cheti. Tanzania, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, VETA, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Kenya, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA, hufanya majaribio ya ufundi kuanzia daraja la III hadi la I. Uliza gharama na tarehe katika ofisi iliyo karibu nawe kabla ya kumpa mtu wa kati fedha yoyote.

KISANDUKU: Tahadhari

- Raha ya kazi isitumike kukupunja. Mwajiri akikwambia "hii kazi ni wito" siku ya kudai mshahara, jibu ni mshahara kwanza.
- Masaa yana mpaka. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani zilitangaza mwaka 2021 kwamba kufanya kazi masaa 55 au zaidi kwa wiki kunahusiana na hatari ya kiharusi iliyo kubwa kwa takriban asilimia 35, ikilinganishwa na masaa 35 hadi 40.
- Huzuni isiyoondoka kwa wiki nyingi, kukosa usingizi au kutotaka kuishi si uvivu, na daftari halitaiponya. Nenda kituo cha afya.

Makosa yanayorudiarudia

Kuanza hatua zote tano siku moja ndilo la kwanza. Anza na daftari. Wapo wanaoandika tarehe walizoahidi na kuacha wazi tarehe walizomaliza, na hapo daftari halina maana. Wapo wanaokopa kutoka bahasha "hadi jioni tu". Wengine hugeuza uadilifu kuwa fimbo ya kuwachapia wenzao karakanani, wakati daftari hili ni la mwenyewe.

Orodha ya Jumamosi jioni

☐ Nimekamilisha vitu vingapi wiki hii, na naviona wapi?
☐ Ni ahadi gani imevunjika, na nimempigia nani simu?
☐ Kila bahasha ina fedha zake au vifaa vyake?
☐ Sehemu gani isiyoonekana niliifanya vizuri?
☐ Kuna kitu nilichojifunza au nilichomfundisha mtu?

Kazi ikikataa kubadilika

Baada ya miezi mitatu soma daftari lote kwa mara moja. Kama umefanya sehemu yako na kazi bado inakutaka useme uongo, kwa mfano bosi anakuamuru ubadilishe risiti au upunguze kipimo, basi kasoro iko kwenye kazi yenyewe. Ondoka kwa mpangilio. Weka kwanza akiba ya chakula na kodi ya miezi unayoweza. Tafuta kwingine ukiwa bado unalipwa. Kwa mwajiriwa wa mwezi, sheria za kazi za Tanzania na Kenya zinataka notisi ya siku 28 kwa kawaida, isipokuwa mkataba wako umeweka muda mrefu zaidi. Itoe kwa maandishi na ubaki na nakala iliyosainiwa. Kabla ya siku ya mwisho, dai cheti cha utumishi. Ni haki yako kisheria katika nchi zote mbili, hata kama mmeachana vibaya.